Siku tatu kwenye pwani ya Ziwa Albert: Butiaba, Kibiro na njia ya miguu ya wauza chumvi

Msomaji wa Bombo anauliza: "Mimi na mume wangu tuna likizo ya siku tatu mwezi wa Januari. Entebbe na Ggaba tumekwenda mpaka tumezoea. Tunatamani kuona pwani ya wavuvi yenye historia, tena tutembee kwa miguu, si kukaa kwenye viti vya hoteli. Mtu mmoja ametutajia Ziwa Albert, mwingine akasema Butiaba ilishakufa, hakuna cha kuona. Tutakuwa na binti yetu wa miaka kumi, na mama mkwe wangu ambaye magoti yanamsumbua. Tuanzie wapi, tupite wapi, na je, ni salama?"

Dada, nendeni Ziwa Albert. Aliyekwambia Butiaba ilikufa amechanganya bandari na mwalo, yaani ufuo ambapo wavuvi hushusha samaki. Bandari ya meli za wakoloni ndiyo iliyokufa. Mwalo wa wavuvi uko hai, una kelele na harufu yake, na alfajiri una watu wengi kuliko utakavyotegemea.

Kazi yangu ni kupeleka wageni kwenye pwani hiyo kutoka Hoima, na nakwambia mapema jambo ninalotaka mlibebe kuliko yote: pwani hii ina saa zake. Samaki wana saa yao, chumvi ina saa yake, hata upepo wa ziwani una saa yake. Wengi hufika Butiaba saa sita mchana, jua likiwa utosini, mitumbwi imeshafungwa na wavuvi wamelala, wanapiga picha mbili, wanarudi wakisema hakuna kitu. Huko hakuna jumba la makumbusho la kukusubiri mpaka jioni. Historia iko kwenye kazi ya watu, na kazi ina muda wake.

Kuhusu njia, mnakaa mahali pazuri. Barabara ya Gulu inapita mlangoni kwenu, kwa hiyo msiingie Kampala kabisa. Pandeni Luweero, Nakasongola, mpaka Kafu, kisha kushoto kwenda Masindi. Kuleni chakula cha mchana Masindi, halafu shikeni njia ya Biso inayopita kando ya msitu wa Budongo. Msitu huo una mivule na miti ya mahogani na sokwe wake, lakini safari hii upiteni tu. Sokwe wanahitaji siku yao na ada yao, na mkijaribu kuchanganya vyote mtakosa vyote.

Mkishapita Biso, simameni ukingoni kabla gari halijaanza kuteremka. Hapo ardhi inakatika. Mko juu ya ukuta wa bonde la ufa, na chini yenu, zaidi ya mita 300, kuna tambarare nyembamba ya kijivu na njano, kisha maji. Ziwa lina urefu wa kilomita 160 hivi na upana wa kilomita 30 na ushei, na ng'ambo ni milima ya Congo. Nisikudanganye: Januari ni mwezi wa kuchoma nyika, moshi na vumbi huficha milima hiyo siku nyingi. Lakini pwani mtaiona vizuri, na mwonyesheni mtoto kutoka hapo ule ulimi wa ardhi unaochomoza ziwani pale Butiaba. Ndio uliofanya mahali hapo pawe bandari, kwa sababu unazuia mawimbi. Akishaelewa hilo akiwa juu, chini hatauliza kwa nini watu walichagua hapo na si pengine.

Banyoro waliliita Mwitanzige, na Bagungu waliishi kando yake, zamani kabla Samuel Baker na mkewe Florence hawajalifikia mwezi Machi 1864 na kulipa jina la mume wa malkia wao. Wao waliteremkia kusini zaidi, mahali Baker alipopaandika Vacovia, kisha wakapanda mitumbwi na kupigiwa makasia kuelekea kaskazini mpaka Magungo, karibu na mahali Nile inapoingia ziwani. Maana yake walipita kwa maji mbele ya pwani hii hii mtakayoitembea ninyi.

Laleni Butiaba au Biso usiku wa kwanza. Nyumba za wageni za mwaloni ni za kawaida sana: kitanda, chandarua, ndoo ya maji. Kama mama anahitaji choo kizuri na feni, Biso au hoteli za ukingoni zitamfaa zaidi, mradi mwamke mapema. Saa kumi na mbili asubuhi muwe mchangani.

Saa hiyo mitumbwi ya muziri inarudi. Muziri ni samaki mdogo, hafiki urefu wa kidole, anavuliwa usiku kwa taa. Pamoja na ragoge, samaki mwingine mdogo, ndiye anayebeba sehemu kubwa ya uvuvi wa ziwa hili siku hizi. Zamani watu walikuja Ziwa Albert kwa ajili ya mputa (sangara), ngege, angara na ngassa yule mwenye meno ya kukata nyavu. Hao bado wapo, ila wamepungua na wanavuliwa mbali zaidi. Binti yako ataona beseni la kwanza likishushwa, wanawake wakiinama wote kwa pamoja, mmoja akichota kiganja na kukigeuza juani kuangalia kama samaki ni wazima au wamepondeka. Wakiwa wazima bei inapanda papo hapo, na ubishi unaanza kwa Kialur, Kinyoro na Kiswahili ndani ya sentensi moja. Dakika chache baadaye muziri wametandazwa juu ya nyavu kuukuu kama shuka la fedha, na kazi ya siku nzima ya kuwageuza imeanza.

Kiswahili chenu kitawasaidia sana hapo. Ziwa hili ni mpaka, nusu yake ni Congo, na wavuvi na wachuuzi wengi wametoka ng'ambo au wana ndugu ng'ambo. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha mwaloni. Salimieni kwanza, subirini wajibu, ndipo muulize. Mgeni anayefika na kamera kabla ya salamu hujibiwa kwa mgongo.

Na kwa kuwa mmezoea mputa wa Entebbe, mwambieni mtoto hili: mputa hakuwa samaki wa Ziwa Victoria. Huku Albert ni kwao. Alichukuliwa miaka ya 1950 akapandikizwa kule, na kilichotokea baada ya hapo, kwa samaki wa asili wa Victoria na kwa mifuko ya wafanyabiashara, kila mtu Uganda anakijua.

Jua likipanda kidogo, ombeni mtu wa hapo awapeleke upande wa bandari ya zamani. Mpitieni kwanza mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mjitambulishe, naye atawapa kijana wa kuwaongoza. Elewaneni malipo kabla ya kuanza. Mwendo wa kufuata ufuo hadi huko na kurudi ni wa asubuhi moja kwa hatua za mtoto, na ni tambarare, kwa hiyo hata mama anaweza kwenda sehemu yake na kurudi kwa boda.

Kilichobaki kwa macho ni kidogo, ndiyo maana ni lazima mkijue kabla ya kufika. Enzi za wakoloni, mzigo uliotoka Mombasa ulikuja kwa reli, ukavuka Ziwa Kyoga kwa meli kutoka Namasagali hadi Masindi Port, ukapakiwa kwenye magari kupitia Masindi, ukateremka ukuta huu huu mlioteremka ninyi, ukafika Butiaba. Hapo ulipanda meli nyingine, ama kwenda Kasenyi na Mahagi upande wa Congo, ama kushuka na Nile mpaka Nimule kwenye mpaka wa Sudan. Meli kubwa kuliko zote hapo ilikuwa Robert Coryndon, iliyopewa jina la gavana, ikatengenezwa Uingereza na kampuni ya Thornycroft, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Butiaba penyewe mnamo 1930. Fikirieni mafundi na wapagazi walioshusha chuma chote kile ukutani, halafu wakaifanya ielee.

Kisha ziwa likapanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mvua zilizidi kiasi, maji yakajaa kote Uganda, gati zikafunikwa, na mwaka 1964 Robert Coryndon ikazama. Mwili wake ulikaa majini kwa miaka mingi, ndege wa ziwani wakitua juu yake, mpaka wauza vyuma chakavu wakaukata na kuubeba. Kwa hiyo msiende kutafuta meli. Watoto wa kule watawaonyesha ilipokuwa. Naona uchungu kila nikisimama pale. Kitu kama kile kingetunzwa, leo kingekuwa kinalisha vijana wa Butiaba.

Ziwa halikuacha tabia hiyo. Mwaka 2020 lilipanda tena, likachukua nyumba, maduka na vyoo kwenye mialo mingi ya pwani hii, na watu wakahamia juu. Mkiona msingi wa nyumba ndani ya maji au mti mkavu umesimama ziwani, ni wa juzi tu, si wa mkoloni. Wenyewe wako hapo, wanauza chai. Waulizeni kwa upole, watawaeleza vizuri kuliko mimi.

Mambo mawili mengine ya Butiaba nayapitia haraka. Uwanja wake mdogo wa ndege ndipo mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alipoanguka mara ya pili ndani ya siku mbili, Januari 1954: ndege ya kwanza ilianguka karibu na maporomoko ya Murchison, na ile iliyokuja kumchukua Butiaba ikashika moto ikijaribu kuruka. Waongozaji wengi hupenda kuanzia hapo. Mimi naona kisima cha Waki kina uzito zaidi: mwaka 1938 watu walishachimba kutafuta mafuta hapa Butiaba, miaka mingi kabla ya mafuta ya kuuza kugunduliwa 2006. Lami nzuri ya Hoima hadi Wanseko, ambayo mtapita sehemu yake, imejengwa kwa sababu ya mafuta hayo.

Sasa Kibiro, kijiji cha wanawake wa chumvi chini ya ukuta huu huu. Kama ungenipa siku moja tu badala ya tatu, ningewapeleka Kibiro na kuacha mengine yote.

Mchana wa siku ya pili pandeni tena ukuta, mshike lami kurudi kusini hadi Kigorobya. Mnaweza kulala hapo au kusogea Hoima, ambako hoteli ni nyingi. Wakifika Hoima mapema, watu wangu huwa nawapitisha Mparo, kwenye kaburi la Omukama (mfalme) Kabalega wa Bunyoro, aliyepigana na Waingereza mpaka wakamkamata 1899 na kumpeleka Shelisheli. Nguvu ya ufalme wake haikutoka kwenye mikuki peke yake. Ilitoka pia kwenye majembe na chumvi, na chumvi bora ilitoka Kibiro.

Siku ya tatu muwe ukingoni juu ya Kibiro jua linapochomoza. Kuna njia ya miguu inayoteremka ukutani hadi kijijini. Ni njia ya kazi: kwa karne nyingi wanawake wameipanda na mizigo ya chumvi na samaki kichwani kwenda soko la Kigorobya, wakashuka na muhogo, ndizi na mtama, kwa sababu ardhi ya Kibiro haioti chakula. Njia ina mawe yanayoteleza na miiba pembeni. Vaeni viatu vilivyofunga vidole, kila mtu na fimbo, na maji ya kutosha, angalau lita mbili kwa mtu mzima. Kuteremka hakuchoshi pumzi, kunachosha magoti. Kupanda ndiko kunakoua kama mmechelewa, kwa sababu bonde linapata joto kali, na ukuta hauna kivuli. Mtoto wa miaka kumi mwenye afya anaimudu vizuri. Watoto wa kwao wameizoea.

Chini, kabla ya nyumba, kuna chemchemi za maji moto zinazotoka kwenye ufa wa mwamba. Maji yana joto la zaidi ya nyuzi 80, kwa hiyo mshike mkono binti yako. Mvuke unanuka kama yai bovu. Maji hayo hupita kwenye udongo, na kutoka hapo viwanja vya chumvi vinaanza.

Hapa tulieni. Msikanyage. Kila kiwanja kina mwenyewe, na mwenyewe ni mwanamke, amekirithi kwa mama yake, naye atamwachia binti yake. Ombeni ruhusa, na kama kuna ada ya kijiji lipeni bila ubishi. Kisha angalieni mikono yake. Anachukua udongo mkavu uliolegea, anautawanya kwa kiganja juu ya ardhi yenye unyevu wa chumvi, tabaka jembamba, kwa namna ile ile kila mahali. Jua linafanya kazi yake: linakausha juu, na udongo ule mkavu unavuta maji ya chumvi kutoka chini. Mtaona rangi ikibadilika taratibu, kutoka kijivu cheupe kuwa kijivu kizito. Ukishashiba, anaukwangua kwa kipande cha bati na kuukusanya. Hurudia hivyo mpaka udongo uwe na chumvi ya kutosha.

Udongo huo unatiwa kwenye chombo chenye matundu chini, unamwagiwa maji, na maji yale yanadondoka polepole kwenye chombo kingine yakiwa yamebeba chumvi. Zamani vyombo vilikuwa vyungu. Sasa mtaona mabeseni na sufuria. Udongo uliokamuliwa haupotei, unarudishwa kiwanjani kuvuta chumvi upya. Maji ya chumvi huchemshwa ndani ya vibanda vya nyasi juu ya mafiga hadi yabaki meupe na mazito. Kuni ndizo gharama kubwa, zinatoka mbali. Mkitaka kuwaachia kitu, nunueni chumvi. Nunueni nyingi, mgawie jirani.

Mwanaakiolojia Graham Connah alichimba Kibiro mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, akakuta tabaka nene za majivu na vigae vya vyungu, ushahidi wa kazi hii hii iliyofanywa hapo kwa karne nyingi mfululizo. Uganda imekiweka kijiji hicho kwenye orodha yake ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Mimi nawaomba wageni wakione kwa jicho hilo, wasikione kama mahali pa umaskini. Ni kiwanda cha wanawake kilichodumu kuliko himaya zote zilizopita juu yake. Na hapo saa ina maana kubwa: siku ya mvua hakuna chumvi, ndiyo maana Januari yenu ni mwezi mzuri, pamoja na moshi wake wote. Anzeni kupanda kabla ya saa nne asubuhi, au mngoje mpaka saa kumi. Kwa kuwa mnarudi Bombo siku hiyo hiyo, kabla ya saa nne ndio ushauri wangu.

Kuhusu usalama, kitu cha kwanza ni kichocho. Ziwa Albert lina kichocho kikali, na hakionekani kwa macho. Mtoto asiogelee, asicheze ukingoni miguu mitupu, hata akiona wenzake wamejaa majini. Akilowa, mfuteni mara moja, na baada ya wiki sita hadi nane mpelekeni kupima. Dawa yake ipo na inatibu. Maji ya kunywa bebeni au yachemsheni, kwa sababu kipindupindu kimewahi kupiga mialo hii. Chandarua kila usiku.

Mamba na viboko wapo. Baada ya saa kumi na mbili jioni msitembee kando ya maji, kwa sababu viboko hutoka kulisha, na kiboko akikukuta kati yake na ziwa hakuulizi unatoka Bombo au Butiaba.

Bebeni vitambulisho vya taifa. Mwaka 2017 wanajeshi walipewa kazi ya kusimamia uvuvi kwenye maziwa yetu, na upande wa ng'ambo, Ituri, hakujatulia. Msiwapige picha askari, boti zao, wala mitambo ya mafuta. Msikubali ofa ya kijana yeyote anayesema atawavusha "kidogo tu" kuona Congo. Pia msikate njia kuingia hifadhi ya Bugungu upande wa kaskazini wa Butiaba bila kibali cha mamlaka ya wanyamapori.

Wanseko, kule kivuko kinakovuka kwenda Panyimur, ni pazuri, na kwenye mdomo wa Nile mkiwa kwenye mtumbwi mnaweza kubahatika kumwona ndege aitwaye korongo nyangumi. Lakini kwa siku tatu mkiongeza Wanseko mtakuwa mnatembelea lami. Iacheni kwa safari nyingine.

Mama mkwe wako sasa. Asiteremke ukuta wa Kibiro kwa miguu. Kushuka kutamuumiza, na kupanda hakutawezekana, na kumbeba mtu mzima kwenye njia ile ni hatari kwake na kwa wanaobeba. Ana njia mbili. Ya kwanza, abaki Kigorobya sokoni na mmoja wenu asubuhi hiyo. Ikiwa ni siku ya soko, chumvi na samaki wa chini vitamfikia yeye alipo, na atazungumza na wanawake wenyewe wakiwa wamekaa. Ya pili ni boti kutoka Butiaba hadi Kibiro na kurudi, siku ya pili badala ya ya tatu, familia nzima. Mkichagua hiyo, ondokeni mapema baada ya kuona samaki wakishuka, maana upepo wa mchana huchafua ziwa haraka. Boti iwe kubwa na ya mbao nzima, injini ifanyiwe majaribio mbele yenu, mafuta ya kwenda na kurudi yawe ndani, na kila mtu avae jaketi la kuokolea, mtoto avae la saizi yake. Nahodha akikwambia majaketi yapo ila yako nyumbani, msipande mpaka ayalete.